Mshipa wa Ubongo Umetuna: Tuutibu au Tuuangalie?

Wengi wanaotufikia na tatizo hili hata hawakuwa wanaumwa nalo. Walipigwa picha ya kichwa kwa sababu ya kizunguzungu au kuanguka, majibu yakarudi na mstari mmoja: aneurizimu (yaani mshipa wa damu uliotuna), milimita 4. Mtu anaweka bahasha mezani na kabla hajakaa vizuri anauliza, "Daktari, mnanipasua lini?"

Huenda tusikupasue kabisa. Katika kila watu wazima 100, karibu 3 wanatembea na mshipa wa namna hii kichwani, na wengi watazeeka nao salama. Ila ukipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo. Wengi hufariki, na wanaopona mara nyingi hubaki na ulemavu. Kwa hiyo tunapima hatari mbili: ya kupasuka, inayojikusanya mwaka hadi mwaka, na ya matibabu, ambayo karibu yote unaibeba siku moja. Ndiyo maana mwenye miaka 40 na mwenye 75, hata picha zao zikifanana, huenda wasipate jibu moja.

Ukubwa pekee hautoshi. Tunaangalia mahali ulipo (ya nyuma ya ubongo hutupa wasiwasi zaidi), kama una kinundu juu yake, kama ndugu zako wa damu wamewahi kuwa nao, na presha. Na sigara, ambayo kusema kweli ndiyo tunayogombana nayo kuliko vyote.

Kuna unaotuna kama tunda lenye kikonyo. Huo hubanwa kwenye hicho kikonyo, yaani shingo yake, kwa kibano cha titani, au hujazwa nyuzi za platini kwa mrija unaopitishwa kutoka kwenye kinena. Mwingine hauna shingo: mshipa wenyewe umepanuka pande zote, kama chatu aliyemeza swala. Utabana wapi? Wakati mwingine huwekewa wavu wa chuma kwa ndani, lakini utameza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi, na vijishipa vinavyochipukia hapo vinaweza kuziba. Hapo hatuna haraka.

Tukikubaliana kuuangalia, picha hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Njoo na picha za zamani zenyewe, si ripoti tu, tuzilinganishe kwa macho yetu.

Kichwa kikikupasuka ghafla kwa maumivu usiyowahi kuyapata, usisubiri miadi yetu. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo.