Risala ya Wahitimu Wakatoliki kwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu. Padre mlezi wetu. Viongozi wa chuo. Wazazi na walezi. Wanafunzi wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wahitimu 41 wa umoja wetu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi. Mafanikio yetu tutayataja kwa ufupi. Kwaya imesimama imara, wagonjwa tumewatembelea, na wenzetu kadhaa waliokwama ada wamechangiwa hadi leo wanahitimu pamoja nasi. Muda uliobaki tunaomba tuutumie kwa jambo moja ambalo limetukosesha usingizi mwaka mzima.

Baba Askofu, kikundi chetu cha masomo kilijifunza jinsi Ukristo ulivyopoteza nafasi yake katika nchi za Ulaya, zile zile zilizokuwa zikituma wamisionari. Tulianza na neno "ukanimungu", tulilolizoea kwenye mahubiri. Baada ya miezi michache tukaona halitoshi. Mtu anayekana angalau amekitafakari anachokikana, lakini wengi tuliosoma habari zao hawajamkana Mungu. Wameacha tu kumtaja. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001, karibu asilimia 72 ya watu walijiita Wakristo. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 59, na mwaka 2021 wakawa asilimia 46, chini ya nusu kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyefungwa wala kufukuzwa kanisani.

Ufaransa ilishawahi kujaribu njia ya nguvu. Mwaka 1793 wanamapinduzi walileta kalenda mpya yenye juma la siku kumi, na Jumapili ikafutwa. Watu hawakuizoea, na ilipofika Januari 1806 kalenda ya zamani ilikuwa imerudi. Uingereza haikumlazimisha mtu: mwaka 1994 sheria iliruhusu maduka makubwa kufunguliwa Jumapili, basi. Amri ya serikali haikuweza kuiondoa Jumapili mioyoni mwa watu, lakini mlango wa duka ulioachwa wazi umeipunguza kidogo kidogo. Jambo hili lilitutisha kuliko mateso yoyote tuliyosoma, kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Hata hivyo, tulipofika Ireland tulikuta wa kulaumiwa, na hapo tulikaa muda mrefu. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa Phoenix Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Nani angeota siku ile kwamba mwaka 1995 wananchi wangepiga kura kuruhusu talaka, mwaka 2015 ndoa za jinsia moja, na mwaka 2018 kuondoa katazo la utoaji mimba lililokuwa ndani ya katiba? Na hadi leo karibu shule tisa kati ya kumi za msingi nchini humo zinasimamiwa na Kanisa Katoliki. Watoto walifundishwa katekisimu, wakapokea Komunyo ya kwanza, wakakua, wakaondoka.

Sababu ni nyingi: fedha iliongezeka, vijana walihamia mijini, televisheni iliingia sebuleni. Lakini iko moja ambayo hatuwezi kuipita haraka. Tume iliyoongozwa na jaji Yvonne Murphy ilieleza mwaka 2009 kwamba mbele ya malalamiko ya watoto waliodhulumiwa na mapadre, Jimbo Kuu la Dublin lilitanguliza usiri, kuepuka kashfa, kulinda jina la Kanisa na kulinda mali zake. Watoto walikuja nyuma ya yote hayo. Mmoja wetu aliposoma ukurasa huo kwa sauti, hakuna aliyetaka kuchangia. Tulifunga kikao kwa sala ya kimya.

Ndiyo maana, Baba Askofu, hatuombi ushawishi wa zamani urudi kama ulivyokuwa. Ushawishi uliomfanya mama kunyamaza kuhusu mwanawe, kwa kuwa mkosaji amevaa kola, ulistahili kuanguka.

Lakini kuna kilichoanguka pamoja nao ambacho tunakililia. Mjini Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 sasa ni duka la vitabu, na wageni husifu matao yake. Jengo limepona, tunashukuru. Lakini kijana akisimama mbele ya mchoro wa mzee anayemkumbatia mwanaume aliyechakaa viatu, asijue kuwa huyo ni mwana mpotevu, amekosa zaidi ya maelezo ya picha. Amekosa hadithi ambayo kwayo watu wengi walijifunza kwamba aliyeharibu anaweza kurudi nyumbani, na kwamba ndugu aliyebaki naye ana kazi ya kufanya. Tumejiuliza mtu huyo atamsamehe vipi baba yake, na kwa maneno gani. Hatudai kwamba hawezi. Tunadai kwamba ameachiwa aanze peke yake.

Wapo wanaotuambia tusihangaike, kwani yapo maeneo mengi duniani ambako makanisa yanafurika. Phoenix Park nayo ilifurika.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu. Tunaomba wanaobaki chuoni wapewe saa moja kila juma ya kuuliza maswali ya imani mbele ya padre, na anayeuliza jambo gumu asiulizwe ni nani amempotosha. Tunaomba pia, na hili tunalisema kwa heshima na kwa woga, kwamba mtumishi wa Kanisa akimdhuru mtu, waamini walisikie kwanza kwenu wachungaji wetu, mkiwa mmesimama upande wa aliyeumizwa. Mwisho, tunaporudi parokiani tunaomba tusikabidhiwe kubeba viti tu. Tuwekeni kwenye vikao vya mipango na hesabu, tuwafundishe watoto hadithi za Maandiko, na tukikosea mturekebishe.

Tunakukaribisha, Baba Askofu, uzungumze nasi, na kama una la kutukosoa katika haya, tuko tayari kulisikia.

Naomba kuwasilisha.