Kuingizwa mjini kwa Kiingereza

Leeds, Jumapili jioni

Ndugu yangu Mbaraka,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kucheka tu. Eti mtoto amekuuliza "kuingizwa mjini" Waingereza wanasemaje, nawe ukamjibu kwa kujiamini kabisa "to be entered in town"! Mwalimu wake akikuita shuleni usiseme sikukuonya.

Lakini swali lenyewe ni zuri, na kwangu halikai mbali. Hapa mahakamani ninapofanya ukalimani, kesi za utapeli haziishi, na kila wiki natafuta neno la kumfaa mtu aliyelizwa. Neno linalosikika zaidi siku hizi ni "scam". Hilo mpe mtoto aandike kwenye daftari, yaishe. Ni neno la juzi tu, lilianza kusikika Marekani miaka ya 1960, na halina utamu wowote. Utamu uko kwa yale ya zamani.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza ya Dar? Kwenye basi kutoka Soni ulikaa na yule kijana mpole aliyekununulia mahindi ya kuchoma pale Mombo, akakuuliza jina, akakuuliza unatoka nyumba ya nani, mapeasi mwaka huu yameuzwaje. Tunashuka Ubungo, jamaa mwingine kabisa anakuita kutoka mbali, "Mbaraka! Mbaraka wa Soni!" Anakusalimia kwa Kisambaa, anakuulizia mpaka shangazi. Robo saa baadaye una simu mpya ndani ya boksi, na mfukoni huna kitu.

Sasa sikia. Mwaka 1591 mjini London, mwandishi mmoja aitwaye Robert Greene alianza kuchapisha vijitabu vya kuwaanika matapeli wa mji ule, na humo nimeikuta safari yetu nzima, tofauti yake ni basi tu. Mtu anaingia kutoka shamba na fedha zake. Tapeli wa kwanza anamsogelea barabarani, anapiga naye soga mpaka anajua jina lake, kijiji chake na jirani zake ni nani, kisha anaachana naye. Mbele kidogo anatokea wa pili, anamwita kwa jina lake, anamsalimia kama mtu wa nyumbani. Wanaingia kilabuni kunywa kidogo, zinatoka karata, na anaongezeka wa tatu anayejifanya mlevi asiyejua mchezo. Mgeni akitoka hapo hana hata nauli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya, nikakufikiria wewe na lile boksi.

Mchezo huo waliuita "coney-catching". Coney ni sungura, sungura wa kufugwa. Yaani mtu wa shamba ndiye sungura, na matapeli ndio wawindaji. Hapo ndipo kichwa kiliponiuma, maana bibi yako na bibi yangu walitulea na Sungura anayemtapeli Fisi, anayemkimbia Simba na asali ya watu mkononi. Kwetu sungura ndiye mjanja wa mji! Waingereza wao wamemfanya kuwa mnyonge anayenyonyolewa. Na hawakuishia kwa sungura. Kinda la ndege ambalo halijaota manyoya waliliita "gull", na ndiko lilikotoka "gullible", neno la mtu anayemeza kila anachoambiwa. Njiwa naye, "pigeon", kabebeshwa mzigo huohuo. Kwa hiyo kama mtoto anataka neno lililo karibu kabisa na "kuingizwa mjini", ni hilo la sungura, ila limekufa zamani na mwalimu hatalitambua.

Lililo hai ni "con", na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linasema ukweli mchungu. Ni kifupi cha "confidence", imani. Mwaka 1849 pale New York alikamatwa bwana aitwaye William Thompson. Alikuwa anavaa vizuri, anamsimamisha mtu mwenye hadhi zake, anazungumza naye kama waliofahamiana siku nyingi, kisha anamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake ya mfukoni mpaka kesho. Watu wakaivua saa, wakampa. Gazeti moja la hapo mjini likamwita "Confidence Man", na jina likawa la matapeli wote waliofuata. Hakuvunja mlango wala hakumshikia mtu kisu. Aliomba tu.

Kuna mambo mengine ambayo sisi na wao tumekutana bila kupanga. Wao hununua nguruwe ndani ya mfuko, sisi mbuzi kwenye gunia. Sisi hupigwa changa la macho, wao "hoodwink", maana yake kufunikwa macho kwa kitambaa. Ile mimeseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" wao huiita "phishing", yaani uvuvi, ila wameuandika kwa mbwembwe. Jina hilo linaifaa kweli: tapeli hamjui mtu yeyote, anatupa nyavu kwa maelfu akitumaini kati yao yumo mmoja anayedaiwa hela siku hiyohiyo. Habari za Ponzi, yule tapeli wa Boston, huzihitaji. Alikuwa akiahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, mwaka 1920, na wewe ulishawaona wa kwetu wa kupanda na kuvuna.

Nina moja la mwisho, na hili usimwambie mke wangu. Neno "phoney", kitu cha bandia, lina asili ya Kiairishi, "fáinne", pete. Wezi wa London wa karne ya 18 waliita "fawney" pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Tapeli aliiangusha njiani, akaiokota mbele ya mpita njia, akajifanya kushangaa, akasema tumeiona wote, basi nipe kidogo uichukue wewe. Hilo nilifundishwa chuoni, nikalijibia mtihani, nikapata alama nzuri.

Mwaka jana nilikwenda Paris. Kando ya mto Seine mama mmoja akainama miguuni pangu, akainuka na pete nene inayong'aa, akaniuliza kama ni yangu. Nikasema hapana. Akaijaribu kidoleni, haikumwenea, akasema basi ni bahati yako, ichukue, nipe tu ya chakula. Nikampa yuro 10, Mbaraka. Neno lilinijia nikiwa nimeshavuka daraja.

Pete ninayo, imekuwa ya kijani. Wewe angalau ulichokikuta kwenye boksi kilikuwa mche wa sabuni, na mama yako aliufulia wiki nzima.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Salehe