Penseli isubiri: barua ya wazi kwa wazazi na kamati za shule, Newala na Tandahimba

Wanangu, salaam.

Msimu wa korosho unabisha hodi. Wengi mtahamia mashambani, na huku nyuma shule zitaanza kuandikisha watoto wa awali wa Januari. Naandika sasa kwa kuwa mkishaanza kuokota hakuna atakayesoma barua.

Nianze na daftari. Siku hizi yapo mashindano ya nani mwanawe anaandika a, e, i, o, u mapema, na baadhi ya vituo vya kulelea watoto mchana vimeshaijua biashara hiyo: mtoto wa miaka mitatu anarudi na ukurasa mzima wa herufi, mama anafurahi, ada inalipwa. Tazameni alivyoishika penseli. Ameikamata kwa ngumi, na mkono mzima unavutwa kutoka begani. Sehemu kubwa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu, haijawa mfupa, na vidole havijapata nguvu. Ukimlazimisha atabuni mshiko wa kujinusuru, dole gumba limefunika penseli, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Mshiko huo ukishazoeleka, mwalimu wa darasa la pili atahangaika nao bila mafanikio. Hata wachongaji wetu wa mpingo hawamkabidhi mwanafunzi tezo siku ya kwanza.

Kinachotangulia penseli kipo uani. Mpeni udongo wa mfinyanzi akande, aviringishe vijiti, kisha vipira vidogo kwa ncha za vidole. Mwacheni amenye karanga, akamue kitambaa chenye maji, achambue mbaazi kwenye ungo. Anapookota mawe kwenye mbaazi kwa dole gumba na kidole cha shahada, vidole hivyo vinajifunza mshiko utakaokuja kushika kalamu. Baada ya hapo achore mchangani kwa kidole: mstari wa kusimama, wa kulala, duara, ndipo msalaba. Msimrukishe, kwa maana mtoto asiyeweza kufunga duara hawezi kuandika a. Kisha mkaa sakafuni barazani. Penseli ije mwisho, na iwe kipande kifupi kama kidole chake, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

Hapa niingize onyo la huku kwetu. Korosho ghafi zisitumike kuhesabia wala kuchezea. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto hupeleka kila kitu mdomoni. Mifuko iliyobeba salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, nayo isigeuzwe mkeka wa darasa, hata ikifuliwa. Kwa kuhesabia chukueni vizibo vya soda. Kwa walio chini ya miaka mitatu, hata kizibo, punje ya mbaazi na karanga nzima havifai, vinaweza kuwakaba koo.

Tukija kwenye kuhesabu, msidanganyike na mtoto anayeimba moja hadi ishirini. Wimbo si hesabu. Mwekee vizibo kumi, mwambie, "Nipe vinne." Wengi watakugawia gao zima. Huyo bado hajajua kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo linalosema vipo vingapi. Dawa yake ni kugusa kimoja kimoja huku akisogeza pembeni, mkianza na viwili, vitatu, na msivuke vitano mpaka awe hakosei. Kazi za nyumbani zinatosha: alete vikombe kulingana na watu waliokaa mkekani, agawe mihogo ya kuchemsha kila mtu kipande kimoja.

Lugha ina mengi zaidi. Mnaowakataza watoto Kimakonde au Kiyao ili wawahi Kiswahili mnawapunguzia maneno. Mtoto aliyezoea kusimulia, kuuliza na kubisha kwa lugha ya nyumbani huwa tayari anajua namna ya kupanga habari, na shuleni kilichobaki ni kujifunza majina mapya. Mzungumzeni naye mkiwa kazini: huu mti, hili bibo, hili limeoza kwa nini? Mkimuuliza, subirini. Hesabuni kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumjibia, kwani mtoto huchelewa kupata neno, na mkubwa mwenye haraka humnyang'anya. Jioni tegeni vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" unamtosha mtoto wa miaka mitano ikiwa amewahi kupasua yai. Pia apige makofi kwa kila silabi: ko-ro-sho, ma-ko-pa. Kiswahili kinasomwa kwa silabi, na sikio linalozikata vizuri litasoma bila kukariri.

Shambani, mpangilio wa siku ndio unaovurugika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu na minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo, acheze na kutembea kwa jumla ya saa tatu, na skrini isizidi saa moja. Kucheza shambani kupo kwa wingi. Usingizi ndio unaoliwa na simu mnayompa atulie wakati mnapanga magunia. Mwenye bibi kijijini amwache huko aendelee na kituo, kuliko kumkatia masomo Oktoba na kumrudisha Januari akiwa mgeni.

Kamati za shule, nanyi mnisikilize. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Penye themanini, mwalimu hana la kufanya ila kuwaimbisha. Wagawanyeni makundi mawili, moja likae na mwalimu dakika 20, jingine liwe nje kwenye kona za udongo, mchanga na vizibo na mama wa zamu, kisha wabadilishane. Mama huyo hahitaji cheti, anahitaji kuelezwa kazi ya kila kona. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe karibu na choo, si karibu na ofisi, kwa kuwa mtoto hatembei mbali kufuata sabuni.

Na uji. Kwa watoto 40 wekeni maji lita 12, unga kilo moja na nusu, karanga zilizosagwa nusu kilo. Uji unaochuruzika kama maji hujaza tumbo tu, ifikapo saa nne watoto wamelala mezani, na mtaambiwa ni wazito wa kuelewa. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, msizisage, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemsha. Mchango wake kusanyeni malipo ya kwanza ya korosho yanapoingia. Mkingoja Januari mtakuta mifuko imeshamalizwa na sare na madaftari.

Mzee wenu,
Newala