Barua kwa mwanangu: hayo maji ya Mirihi yatakurudisha?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile makala ya maji ya Mirihi uliyoiambatisha nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unaniambia "Mama, maji yapo, usiwe na wasiwasi," utadhani nilichokiogopa ni kiu. Sikukuuliza utakunywa nini. Nilikuuliza utarudije, na hilo hujanijibu.

Unaondoka Jumatatu kwenda kusomea mitambo ya kuchimba barafu. Masomo hayo sina ugomvi nayo. Ila juzi ulimwambia mdogo wako, naye hajui kutunza siri, kwamba ukimaliza utaomba kuwa mwanaanga. Ndipo na mimi nikaanza kusoma.

Barafu ipo, nakubali. Phoenix, kile chombo kilichotua Mirihi, ilipokwangua udongo wa kaskazini ya mbali ya sayari hiyo mwaka 2008, vipande vyeupe vilivyoonekana shimoni vilitoweka baada ya siku chache, na chumvi haitoweki namna hiyo. Kimondo kilichoanguka huko Desemba 2021 kilifukua mabonge ya barafu mahali palipo karibu na ikweta kuliko kote ambako barafu ya chini ya udongo ilikuwa imewahi kuonekana. Hilo lilinifurahisha kwa ajili yako, maana ulishaniambia kwamba huko kwenye ncha za sayari kuna giza la miezi na baridi isiyosemeka. Lakini chuja unachoamini. Lile ziwa la chini ya barafu ya kusini, lililotangazwa mwaka 2018 kwa rada ya Mars Express, chombo cha Ulaya kinachoizunguka Mirihi, ukaniamsha usiku kunisimulia, wataalamu wengine wanasema huenda ni udongo wa mfinyanzi tu. Ile michirizi ya miteremkoni iliyosifiwa mwaka 2015 kuwa ni dalili ya maji ya chumvi, miaka miwili baadaye ikaelezwa kuwa inafanana zaidi na mchanga mkavu unaoporomoka. Na hayo maji yaliyoandikwa mwaka 2024 kutokana na vipimo vya mitetemo vya InSight, chombo kingine kilichotua huko, kama yapo, yako kati ya kilomita 11.5 na 20 chini ya ardhi. Nani atachimba huko? Wewe?

Sasa hilo la kurudi. Ulinieleza vizuri: maji yanatenganishwa kwa umeme, unapata haidrojeni na oksijeni, haidrojeni ikikutanishwa na kaboni dioksidi, ambayo ndiyo karibu hewa yote ya Mirihi, unapata methani, methani na oksijeni ndizo zitakazoirusha roketi. Kwa hiyo mtu hahitaji kubeba mafuta ya kurudia tangu anaondoka duniani. Ni jambo zuri na nililisimulia kazini kwa majivuno. Lakini NASA wenyewe, shirika la anga la Marekani, wanasema kuwainua watu wanne kutoka pale kunahitaji kama tani 7 za mafuta na tani 25 za oksijeni. Kile kifaa cha MOXIE kilichokuwa ndani ya Perseverance, kigari chao cha Mirihi, ambacho kilitengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko bila hata kuhitaji maji, kwa majaribio yake yote 16 kilipata gramu 122. Kugawanya najua. Utasema kilifanywa kidogo makusudi. Haya, na hicho kikubwa kikikwama? Ujumbe wako wa kuomba msaada, Dunia na Mirihi zikiwa mbali sana, utachukua zaidi ya dakika 20 kufika, na nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda huko hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi. Watakaokuhurumia watakuja lini?

Ninachotaka kusikia kutoka kwako ni kimoja tu. Mafuta ya kurudia yawe yameshatengenezwa kule na mitambo, yamepimwa, matangi yamejaa, ndipo mtu aondoke duniani. Nimesoma kwamba ipo mipango iliyopangwa hivyo. Mpango wa namna hiyo nitauunga mkono, hata kama kwa kulia. Ule wa "tutachimba tukishafika", hapana. Niandikie kwamba umenielewa, usinitumie makala nyingine.

Halafu maji yenyewe si ya kuchota na kunywa. Udongo ule una chumvi za pakloreti, ambazo Phoenix hiyo hiyo ilizikuta, na zinavuruga tezi ya shingo. Matatizo ya tezi hayakutoka upande wa baba yako. Kapime kabla ya safari.

Baba yako, kwa taarifa yako, anasema mimi ndiye niliyekununulia darubini, kwa hiyo ninyamaze. Sijamjibu.

Nimeona pia kwamba sehemu zinazodhaniwa kuwa na maji yasiyoganda, vyombo haviruhusiwi kuzikaribia mpaka visafishwe sana, tusije tukapeleka vijidudu vyetu kisha tukashangilia kwamba tumegundua uhai. Nilicheka peke yangu. Mtu ambaye vikombe vimeota ukungu chini ya kitanda chake ndiye atakayeilinda sayari! Vioshe kabla hujaondoka. Niachie nakala ya pasi yako ya kusafiria, na ufunguo wa kabati la ushoroba, baba yako ameutafuta wiki nzima. Fundi wa tangi linalovuja anakuja Jumamosi asubuhi, na ni wewe pekee unayejua ile koki ya kufungia maji iko wapi, kwa hiyo siku hiyo usilale.

Mama yako