Asante, ndugu wa Kenyatta Market

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulimpeleka baba Kenyatta Market, Nairobi, kula nyama choma. Ametoka kuugua na anatembea kwa mkongojo, lakini mbuzi wa pale ndiye aliyemtaja kila siku akiwa kitandani. Wanaopajua wanajua vijia vilivyobana kati ya vibanda vya nyama na vya wasusi, kila mtu akikuita kwake.

Wewe hukutuita. Ulimshika baba mkono, ukasema, “Mzee, polepole,” ukamfikisha kwenye benchi lenye nafasi ya kunyoosha mguu. Kisha ukamwomba mchomaji aache mbavu ziive taratibu kwenye makaa, na zilipofika kwenye ubao, azikatekate vipande vidogo kabisa. Baba hana magego. Sijui uliligunduaje hilo! Alikula na ugali na kachumbari mpaka akaomba supu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa muda mrefu.

Nilipogeuka kukushukuru ulikuwa umekwenda, na mchomaji akasema wewe ni mteja tu kama sisi. Mungu akubariki, awabariki na waliokulea. Baba anakusalimu sana. Ukituona tena pale, keti nasi. Nyama ni juu yake.