Pengo si Sifuri: Kwa Nini Tunatoza Hela ya Kusafisha Data

Wiki iliyopita mteja mmoja alirudi ofisini na risiti mkononi. Tulikuwa tumemchambulia data za mvua za miaka kumi, na mstari mmoja ulimkera: "kushughulikia data zilizokosekana, siku mbili." Akauliza, "Yaani mmenilipisha kwa seli tupu?" Si wa kwanza kuuliza, na najua wengine huondoka kimya wakiamini tumewapunja. Nieleze basi siku mbili hizo zinakwenda wapi.

Rekodi ya mvua ya kila siku ni nadra kuja kamili. Mpimaji anaumwa, kipima mvua kinazibwa na majani, daftari linalowa. Siku hiyo haina namba, lakini faili linadai namba, kwa hiyo wakusanyaji huweka isiyowezekana. GHCN-Daily, hifadhi ya dunia ya rekodi za kila siku za vituo vya hali ya hewa, na ramani za mvua za CHIRPS hutumia -9999. Madodoso ya kaya mara nyingi huweka 98 au 99, na hapo ndipo pa hatari zaidi, maana mtu wa miaka 99 yupo. Tuliwahi kuletewa data za kijiji kilichoonekana kujaa wazee wa umri huo. Wote walikuwa watu wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa.

Chukua mwezi wa Aprili wenye siku 27 zilizopimwa, jumla milimita 216. Wastani ni milimita 8 kwa siku. Siku tatu zilizobaki zikisomwa kama -9999, wastani unakuwa -992.7. Kosa hilo afadhali, kila mtu analiona. Wateja wengi wakiliona hukimbilia njia ya mkato: wanafuta -9999 na kujaza sifuri. Wastani unashuka hadi 7.2, namba nzuri kabisa, na hakuna anayeshtuka.

Dada mmoja wa shahada ya uzamili alifanya hivyo kabla ya kutufikia. Alikuwa anatafuta vipindi vya ukavu katikati ya masika, ili ajue mahindi yapandwe lini. Sifuri alizojaza zikamzalishia ukavu ambao haukuwepo. Tulipofuatilia, siku nyingi zilizokosekana zilikuwa za mafuriko: mpimaji alishindwa kuvuka mto kukifikia kipimo. Siku za mvua kubwa kuliko zote ndizo zilizoandikwa kavu! Na alikuwa amehifadhi juu ya faili lilelile la awali, sifuri za kweli na za kujaza zimechanganyika, hakuna programu inayoweza kuzitenganisha. Ilibidi apige picha madaftari ya kituo, nasi tukachapa upya ukurasa kwa ukurasa. Alilipa mara tatu ya bei aliyoikwepa. Iliniuma kumwandikia ankara ile.

Sisi hatufuti kitu. Tunavisha barakoa. Katika NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya programu ya Python, kuna safu (orodha za namba) za namna hiyo, numpy.ma: pembeni ya safu ya namba inakaa safu nyingine yenye umbo lilelile, na penye True (kweli) namba imefichwa isihesabiwe. Namba ya awali inabaki chini yake. Ukibadili mawazo unaivua barakoa.

Vijana wengi hutuambia NaN, alama ya kompyuta ya "si namba", inatosha. Inatosha kwa kazi nyingi, nasi tunaitumia, ila ina tabia zake. NaN moja huambukiza wastani wote. Hailingani hata na yenyewe, kwa hiyo ukiitafuta kwa alama ya usawa huipati. Safu ya namba kamili haiipokei. Ukitumia nansum, amri ya kujumlisha inayoruka NaN, kwenye mwezi uliokosekana wote, jibu ni 0, yaani mwezi usio na rekodi umekuwa mwezi wa ukame. Safu yenye barakoa itakujibu kwamba jumla hiyo imefichwa, na huo ndio ukweli.

Barakoa nayo inahitaji mlinzi. Ukiipitisha safu kwenye np.asarray, amri ya NumPy inayoigeuza kuwa safu ya kawaida, barakoa inadondoka na zile -9999 zinarudi bila onyo, na baadhi ya maktaba hufanya hivyo ndani kwa ndani. Nilikesha usiku mzima nikitafuta kosa la aina hiyo. Tangu hapo, baada ya kila hatua tunahesabu upya namba zilizofichwa. Zikipungua bila sababu, kazi inasimama.

Hizo ndizo siku mbili. Mwishoni unapata jedwali la kila pengo: tarehe, sababu kama inajulikana, na tulichoamua. Mwezi wenye mapengo hatuutolei jumla mpaka tukae na wewe. Bei hiyo hatuishushi, kwa sababu anayeishusha ataruka kuhesabu.

Yule mteja wa risiti tulimfungulia jedwali lake. Alikaa nalo karibu saa nzima, kisha akaomba tuongeze safuwima ya jina la kituo. Tumeiongeza, hiyo haina malipo.

Ukiwa na faili lenye mapengo, lilete lilivyo, pamoja na karatasi ya maelezo yake, na usijaze chochote.