"Tumefika Victoria, Tumekuta Mawe"

Desemba iliyopita, mwanzoni kabisa, mama mmoja, mteja wa ofisi yetu ya safari, alinitumia picha kutoka Livingstone, Zambia. Yeye, mumewe na watoto watatu, wote wamenuna, na nyuma yao ukuta mrefu wa mwamba mkavu. Chini ameandika: "Ndiyo haya maporomoko mliyotuuzia?" Sijajibu, simu ikaita. Neno "matapeli" nililisikia mara tatu.

Si wa kwanza. Shule zikifungwa tu, simu za namna hii zinaanza, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza nimtumie.

Maporomoko yale ya Victoria, Mosi-oa-Tunya kwa wenyeji, yana upana wa mita 1,708, na maji yake hayategemei mvua inayokunyeshea ukiwa umesimama pale. Zambezi hubeba mvua ya mbali, ya kaskazini-magharibi mwa Zambia na mashariki mwa Angola, na maji hayo hutembea taratibu kwenye mabonde mapana kabla ya kufika. Ndiyo maana mto hufurika Aprili, na Oktoba na Novemba unakuwa umenywea. Mwanzoni mwa Desemba bado. Upande wa Zambia ndio unaokauka, kwa kuwa maji machache hukimbilia upande wa Zimbabwe ambako ukingo uko chini zaidi.

Hayo yote yalikuwamo kwenye ratiba ya yule mama: siku ya pili, vukeni daraja mwingie Zimbabwe. Mtanzania haombi viza nchi zote mbili, ni kugongewa muhuri na kulipa kiingilio kingine cha hifadhi. Yeye akaifuta siku hiyo ili asilipie viingilio vya watu watano, akaweka siku ya kushinda kwenye bwawa la hoteli. Mwishowe walivuka siku ya kuondoka, wakakuta maji, wakachelewa basi, wakakata tiketi nyingine tano. Picha ya maji alinitumia. Ujumbe wa utapeli hakuufuta.

Wengine huenda Aprili kisha wakalalamika kwamba moshi wa maji umewaziba macho na simu zimelowa. Mimi nikiulizwa nasema Juni hadi Agosti. Ila hapo tunaingia kwenye ugomvi wa masweta. Mtu wa Dar ukimwambia Juni kule ni baridi, anadhani ni baridi ya kiyoyozi. Bwana harusi mmoja alikwenda fungate Chobe, Botswana, na kaptula nne. Gari la kuangalia wanyama liko wazi, linaondoka alfajiri, na tembo hawangojei jua litoke. Alijifunika taulo la hoteli. Johannesburg nako usiku wa Julai nyuzi joto hukaribia sifuri, mji uko juu sana ule.

Sasa ada. Tunatoza shilingi 60,000 kwa kila pasipoti kwa maandalizi, na kila wiki kuna anayeniambia, "Tiketi si nakata mwenyewe kwenye simu?" Kata. Kaka mmoja alikata, bei poa kweli, Dar hadi Johannesburg kwa kulala Nairobi saa 15. Viza hakuhitaji, kwa sababu Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, akaona kamaliza. Kumbe ukipita nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, Afrika Kusini inadai kadi ya chanjo. Kusikia hivyo, siku moja kabla ya safari, akatafuta mtu wa kumgongea kadi bila sindano. Tarehe ikasomeka ya jana. Kadi inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na dada wa kaunta anajua kuhesabu. Tiketi ikaungua yote. Sindano yenyewe unachomwa mara moja tu, na tangu 2016 kadi ni ya maisha.

Alikuja kwetu wiki iliyofuata. Akaomba punguzo.

Kwenye ile 60,000 ndimo tunamosoma saa za kusubiri, tunahesabu kurasa tupu za pasipoti, tunakudai kadi mapema. Ndimo pia tunamogombana na wazazi. Mwaka 2015 Afrika Kusini ilianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto, mwaka 2019 ikalegeza, watu wakaelewa kwamba kimefutwa kote. Botswana na Namibia wanakiuliza. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto, sitoi tiketi zake mpaka nione cheti chenye majina ya wazazi wote wawili na barua ya idhini ya mwenzake yenye muhuri wa wakili. Wananiita mkorofi, sawa.

Halafu plagi. Zambia na Zimbabwe utachomeka chaja yako ya nyumbani, lakini Afrika Kusini matundu ni matatu, makubwa ya duara, na zile adapta za "dunia nzima" wanazouza barabarani nyingi hazina miguu hiyo. Tunazo ofisini, shilingi 12,000. Ndiyo, nimeweka faida juu yake. Kodi ya fremu hailipwi kwa shukrani.